Fundi Aliyelamba Brashi

Kila asubuhi, kabla ya chai, namshika mwanangu kidevu namwambia, "Sema aaa." Anafungua mdomo. Namshusha mdomo wa chini kwa kidole gumba, naangalia ufizi pale unapokutana na jino, mbele kwanza, halafu pembeni. Natafuta mstari. Ni mwembamba, rangi yake iko kati ya bluu na majivu, kama vile penseli imepita. Kwa mwanangu sijauona bado. Nasema bado kwa sababu naogopa kusema hakuna. Ulivyo naujua vizuri, nimeuona kwa miaka kinywani mwa mtu mwingine kila alipocheka, na siku zote hizo nilidhani ni tumbaku.

Huyo mtu mwingine ndiye ninayetaka kumweleza. Kwao wapi, baba yake nani, walikuja lini kutoka Uarabuni, hayo waulizwe ndugu zake. Sisi tulimwita Fundi. Mchafukoge, hapa Dar, mafundi wamejaa, wa simu, wa cherehani, wa mageti, lakini ukitamka Fundi peke yake, bila kuongeza kitu, mtu alikuonyesha kwa kidevu ile ghorofa ya zamani yenye roshani zilizopasuka, na chini yake mlango wa bati uliofunguliwa nusu.

Kazi yake wengi hawajui kama ipo. Gari la zamani, haya ambayo wenye hela wanayafufua siku hizi wayakodishe kwenye maharusi, likishapigwa rangi na kushonewa viti vipya bado linabaki na dashibodi iliyofutika. Pembeni ya vitufe palikuwa na maneno madogo, OIL, FUEL, LIGHTS, na vidole vya watu waliokwishakufa vimeyasugua mpaka yamebaki makovu. Fundi aliyarudisha. Stika alikuwa anazitukana. Aliandika kwa mkono, kwa brashi yenye nywele chache, herufi ndogo kuliko punje ya mchele, mpaka mwenye gari akiinama kuangalia anaona kama limetoka kiwandani jana.

Na kila herufi ilipitia mdomoni mwake. Alichovya brashi kwenye rangi, akaandika mguu wa herufi, kisha akaipitisha brashi katikati ya midomo na kuizungusha ulimini, ikatoka na ncha kama sindano, akachovya tena. Kuchovya, kuandika, kulamba. Mchana kutwa. Ikifika alasiri ulimi wake ulikuwa umepata utando mweupe, na akizungumza unauona.

"Brashi haioshwi kwa maji," aliniambia siku za mwanzo. "Maji yanaipa kiburi. Mate ndiyo yanaifundisha adabu."

Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya wazee.

Nilifika kwake nikiwa na tumbo limeshatokeza. Nilikuwa nauza vyombo vya plastiki kwenye kibanda cha mtu Kariakoo, na mwenye kibanda alipoona tumbo akasema wateja hawapendi. Mwanamume aliyenipa hilo tumbo alikuwa ameshabadilisha namba ya simu. Mama Kelvin, mama wa Kichaga anayeuza sahani na masufuria kwa jumla, ndiye aliyenipa vibarua vya kubeba mizigo midogo, na siku moja akanituma Mchafukoge nikaulize gari la marehemu mumewe limefikia wapi. Fundi hakunijibu habari za gari. Alinipa brashi na kipande cha bati.

"Andika jina lako."

Nikaandika. Nilikuwa na mwandiko mzuri tangu sekondari, walimu walikuwa wananiitia ubaoni. Akalisogeza bati kwenye mwanga, akaligeuza juu chini, akalitazama hivyo kwa muda mrefu.

"Mkono unao," akasema. "Kesho njoo asubuhi. Na ule, unasikia? Mtu mwenye njaa herufi zake zinainama."

Hakuniuliza baba wa mtoto ni nani. Watu wa ghorofani waliposhuka na maswali yao, binti huyu wa nani, mbona yuko hivyo, aliwajibu bila kuinua kichwa: "Kwani mnataka kumlea nyie?" Wakapanda ngazi. Hilo nalo lazima niliandike, ingawa linaniudhi. Ningependa sana awe mtu mbaya. Ingenirahisishia.

Usafi wake sasa. Maji ya bomba hakunywa hata yakichemshwa mara moja, mpaka yachemshwe tena na kuchujwa kwa kitambaa cheupe. Embe la kukatwa barabarani hakula. Mteja akipiga chafya, Fundi alitoka nje akasimama kibarazani mpaka mtu amalize shida zake. Kabla ya kula alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akasugua kucha kwa mswaki wa zamani, akanikagua na mimi.

"Maradhi yote yanaingilia mdomoni, binti yangu. Yote."

Alisema hivyo huku brashi iko mdomoni. Nimekumbuka sentensi hiyo nikiosha vyombo na nimevunja kikombe.

Alikuwa na namna yake ya kuandika ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Dashibodi aliigeuza miguu juu, akaandika maneno yakiwa yamepinduka. Ukimwuliza kwa nini, anakwambia ukiliona neno limesimama utalisoma, na ukilisoma utaliandika kwa mwandiko wako, na hakuna mtu aliyekulipa ulete mwandiko wako. "Wewe fuata kovu. Kovu linajua." Nilijifunza hivyo. Mpaka leo naweza kuandika juu chini haraka kuliko kawaida. Na nilijifunza lile lingine pia, maana huwezi kupata ncha ile kwa kitambaa, nilijaribu, nywele zinatawanyika. Nililamba. Nilikuwa na mimba nikilamba, kisha nilikuwa nanyonyesha nikilamba. Aliniona, akafurahi, akasema sasa umekuwa fundi.

Rangi zake aliziweka kwenye kabati la mbao lenye kufuli. Makopo ya zamani sana, karatasi zake zimebanduka, aliyanunua yote kwa mpigo duka fulani la rangi lilipofungwa, enzi ambazo mimi sijazaliwa. Rangi ya sasa hakuitaka. "Hii ya leo ni uji wa mgonjwa. Inua hili kopo. Unaona lilivyo? Rangi ya kweli ina uzito." Nikainua. Kweli lilikuwa zito, dogo lakini zito. Nikamwambia kweli Fundi, ina uzito.

Mkali hakuwa, mpaka pale alipokuwa mkali. Kuna siku alimfukuza mteja, mtu mzima mwenye heshima zake, kwa sababu aligusa herufi kabla haijakauka. Alimrushia fimbo anayoegemezea mkono akiandika. Halafu akakaa chini akalia, akaniuliza yule bwana alikuwa nani. Alikuwa mteja wake wa miaka yote. Niliogopa, nikampikia chai, nikajiambia uzee.

Tumbo lilimsumbua. Lilimkata ghafla, akajikunja juu ya dashibodi, brashi ikiwa juu hewani isiguse kitu, akangoja lipite, akaendelea. Tangawizi, habbasoda, maji ya kusomewa, vyote alikunywa. Mkono wa kulia ulianza kutetemeka akiupumzisha, naye aliusemesha kama mtoto: "Tulia, mshenzi wewe. Tulia." Ukitua kwenye kazi, ulitulia.

Na hapo chini, kwenye kipande cha zulia alichokikata kwa mkono wake na kukitandika mbali na mlango ili pikipiki zisimtishe, alikaa mwanangu Salha.

Alitambaa pale. Alisimama pale mara ya kwanza, ameshika mguu wa meza. Fundi alimwita bibi yangu, naye akamwita Babu, lilikuwa neno lake la pili. Alimpa brashi iliyokwisha nywele na vipande vya mbao achezee, na Salha akawa anachovya kwenye kifuniko cha kopo, anapaka, halafu anaipitisha brashi katikati ya midomo, anaizungusha, macho nusu yamefumba, vile vile kama Babu. Watu walikufa kwa kicheko. Mama Kelvin alimrekodi kwa simu.

"Mwangalieni huyu! Fundi, mwanafunzi wako amekupita, mwenzio hata hadondoshi tone!"

"Huyo ndiye ataandika gari lako," Fundi akamjibu. "Mimi ntakuwa nimekufa na wewe utakuwa bado unalalamika."

Ile video ninayo. Siwezi kuitazama mpaka mwisho.

Ilianza kwa kutokula. Kisha tumbo likawa gumu, choo hakuna, analia anajishika kitovu. Viganja vikapauka. Zahanati wakanipa dawa ya minyoo. Nikarudi, wakanipa dawa ya kuongeza damu. Nikarudi tena. Lakini hayo si yaliyonitia hofu. Salha alikuwa na maneno yake, maji, taka, hapana, paka, Babu, na yalikuwa yanapungua. Ya watoto wa wenzangu yanaongezeka, ya wangu leo neno lipo, wiki inayofuata namwonyesha paka, ananitazama tu. Nilimnong'oneza sikioni kitandani, sema paka, mama, sema paka. Nilikuwa naogopa mpaka meno yanagongana, Dar hii, joto hili.

Mara ya mwisho zahanati nilimkuta nesi mtu mzima, miwani imening'inia kwenye kamba.

"Anakula udongo huyu?"

"Hapana."

"Anabandua chokaa ukutani? Anatafuna vitu?"

"Hapana. Labda brashi."

"Brashi ya meno?"

"Ya rangi. Ninapofanya kazi. Analamba tu, hatafuni."

Akavaa miwani. Akaniuliza rangi gani, nikamwambia ya zamani, nzuri, ina uzito. Sitasahau alivyoiweka kalamu mezani. Akaniambia rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, haya haya ya kwenye betri za gari, na kwamba yakiingia mwilini mwa mtoto yanaenda kwenye damu, kwenye mifupa, kichwani. Akauliza, "Na wewe?" Nikafungua mdomo kumjibu, naye akanishusha mdomo wa chini kwa kidole gumba, akaangalia ufizi wangu.

"Huna mstari," akasema.

"Mstari gani?"

Akanieleza. Na mimi nikaona kinywa cha Fundi kinacheka.

Tulitolewa damu siku hiyo hiyo, mimi na Salha, tukaambiwa majibu yatachukua muda kwa sababu kipimo hicho kinapelekwa mbali. Nikatoka pale moja kwa moja mpaka Mchafukoge, mtoto mgongoni. Sikusema shikamoo. Mama Kelvin alikuwepo, amekaa kwenye stuli anafuatilia gari lake.

"Unatuua," nikasema. "Rangi yako sumu. Mtoto wangu hasemi kwa sababu yako."

"Mama Salha, vuta pumzi kwanza," Mama Kelvin akasema.

"Sivuti! Mwulize kwanza anatulambisha nini humu ndani!"

Nikamwambia yote ya nesi. Fundi alisikiliza ameegemeza mkono kwenye fimbo yake, kisha akatabasamu, na ule mstari nikauona, juu na chini, kila jino.

"Nesi. Nimelamba brashi tangu yeye hajaota meno. Babu yangu alilamba. Nina kasoro gani? Nionyeshe."

"Tumbo lako! Mkono wako! Umemsahau mteja wako jina!"

"Huo uzee, binti. Utaufikia, inshallah."

Halafu akafanya jambo ambalo bado linanitoa jasho. Alichovya brashi mpaka ikajaa, rangi ile nyeupe nzito ikining'inia, akaiweka ulimini, akafunga mdomo. Akameza. Alitutazama sote mmoja mmoja akimeza, kama mtu anayeapa mbele ya kadhi. Mama Kelvin akasema Yesu wangu. Na mgongoni kwangu Salha, ambaye alikuwa hajatamka kitu siku ile nzima, akanyoosha mkono kuelekea brashi akasema, "Babu."

Nikakimbia. Hata viatu vya mtoto niliviacha kwenye zulia.

Majibu yalipokuja daktari alinisomea taratibu. Madini ya risasi kwangu yapo, ya kuangaliwa. Ya Salha yapo mengi, na akaongeza kuwa hayatakiwi kuwepo hata kidogo. Mlishe maziwa, dagaa, mboga za majani. Mweke mbali. Mlete tena. Nikamwuliza maneno yake yatarudi? Akasema mtoto bado mdogo, mengine tutayajua atakapoanza shule. Yaani niishi na hilo. Nimpikie, nimwogeshe, nimcheke akicheza, na kila kitu anachodondosha nijiulize kama ni utoto au ni rangi.

Sikurudi Mchafukoge. Nilipata kazi ya kuandika mabango ya maduka, kwa brashi kubwa na rangi za maji, na midomo nimefunga kwa barakoa watu wakinicheka. Nilipokuwa na nafasi nilimtukana Fundi kichwani, kwa mpangilio, nikianzia na babu yake. Kisha Mama Kelvin akapiga simu.

"Mama Salha, njoo umwone mzee wako."

"Si mzee wangu."

"Haya, njoo umwone mzee wa watu. Kwenye gari langu kaandika FU halafu kaacha. Mkono umelala. Wapangaji wanasema karogwa, kuna mmoja keshaleta mganga. Mimi nimewaambia kuna mtu anajua huyu mzee karogwa na nini."

Nilienda ili nimwambie nilikuambia. Nakiri nilikuwa nimeyapanga maneno kabisa. Salha nilikuja naye kwa sababu sina wa kumwachia, nikamshika mkono na kumwambia usiguse kitu humo ndani, kitu chochote.

Mlango wa bati ulikuwa nusu, kama zamani. Fundi alikuwa ameketi mbele ya dashibodi iliyopinduliwa. Mkono wa kulia ulikuwa umeanguka kwenye kifundo, kiganja kinaning'inia kama kitambaa kwenye kamba, naye alikuwa ameifunga brashi kwenye vidole kwa utepe wa shuka, anauinua mkono mzima kwa ule wa kushoto, anajaribu kuishusha ncha kwenye kovu la herufi. Ilipita pembeni. Akainua tena. Hakuwa analamba. Nywele za brashi zilikuwa zimetawanyika kama ufagio.

"Shikamoo, Fundi." Lilitoka lenyewe.

"Marahaba." Hakugeuka. "Mtoto hajambo?"

Nilikuwa na jibu refu. Kabla sijalianza, Salha aliutoa mkono wake kwangu, akakimbia, akapanda magotini kwake kama vile tumeondoka jana. Akaichukua brashi ya akiba pale mezani, yenye rangi mbichi, akaielekeza mdomoni.

Sauti aliyoitoa Fundi sijawahi kuisikia kwa binadamu. Alimpiga Salha kofi mkononi kwa ule mkono wake mzima, brashi ikaruka ukutani, kopo likapinduka, rangi ikamwagika juu ya FU na kote. Salha akapiga yowe. Nilikuwa nimeshamnyakua. Fundi alimshika kidevu mikononi mwangu, akamfungua mdomo, akaingiza ncha ya kanzu yake akamfuta ulimi, akafuta tena, akafuta na mahali ambapo hapakuwa na kitu, anarudia, "Hajameza? Hajameza? Mwangalie wewe mwenye macho. Hajameza?"

"Hajameza, Fundi."

Hapo nikajua kwamba alikuwa ameniamini siku nyingi. Labda siku ile ile akimeza.

Akakaa chini. Rangi ilikuwa inadondoka kutoka kwenye dashibodi na hakuna aliyeifuta. Baadaye akasema, kwa sauti ndogo sana, "Wanakuchoma wapi? Mkononi?"

"Mkononi."

"Inauma?"

"Salha hakulia."

"Basi na mimi sitalia."

Tulichukua bajaji mpaka zahanati. Njia nzima alitazama mbele, mkono wake mbovu ameupakata kama mtoto mgonjwa, na Salha katikati yetu bado ana kwikwi. Chumba cha damu kilikuwa na kiti kimoja chenye mkono wa chuma upande wa kulia. Nesi, msichana mdogo, akamfunga mpira juu ya kiwiko, akagonga gonga ngozi.

"Mshipa umejificha. Kunja ngumi, mzee."

Fundi akautazama mkono. Vidole vikasogea kidogo, vikaacha. Uso wake ukabadilika, nikaona hofu ambayo nilidhani ni ya kwangu peke yangu duniani.

"Kunja ngumi, babu, ubane."

"Hataki," akamwambia nesi. Alikuwa anausemea mkono.

Nilimweka Salha chini. Nikapiga magoti pale kwenye sakafu, nikamkunja kidole kimoja kimoja, vilikuwa baridi na vyepesi, nikavifunika kwa kiganja changu nikabana. Mshipa ukatokea. Sindano ikaingia, akafumba macho, kichupa kikaanza kujaa. Nesi akatoa sindano, akaweka pamba, akaniambia tayari dada, unaweza kumwachia. Ilibidi aniambie tena. Nilikuwa bado nimembana, kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa, na yeye hakusema kama anaumia.